Kuchi na mikono iliyomchagua

Miaka ya 1980, katika vijiji vya Nzega mkoani Tabora, kuku walikuwa mali ya akina mama, lakini jogoo wa kuchi alikuwa fahari ya kaya nzima. Mgeni alimwona kabla hajapewa kigoda. Jogoo huyo husimama wima kama askari wa gwaride, shingo ndefu, miguu mirefu na minene, mdomo mfupi wenye nguvu, upanga mdogo uliobana kichwani. Kifuani manyoya ni haba hata ngozi nyekundu inaonekana.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilelewa na bibi yake katika boma lililofuga kuku hao. Kazi aliyokabidhiwa akiwa mdogo ilikuwa kuhakikisha jogoo wa bibi hakutani na jogoo wa jirani. Wakikutana kuchi wawili hakuna anayekimbia, na mara nyingi hakuna anayerudi mzima.

Tanzania ina kuku wa asili wa namna nyingi, na anayedhani kuku wa kienyeji ni mmoja tu hajawatazama vizuri. Morogoro na Umasaini wapo ching'wekwe, wadogo wa umbo na wafupi wa miguu, ambao jogoo wao huwa na kilo 1.6 hivi. Tabora yenyewe ina singamagazi, jogoo wa rangi ya moto na mkia mweusi. Kuchi yuko Mwanza, Shinyanga, Kigoma, Tabora na visiwani, na ng'ambo ya mpaka anajulikana sana Lamu. Jogoo aliyekomaa hukaribia kilo 3. Watafiti waliochunguza vinasaba vyake wamemkuta ana udugu na kuku wa kupigana wa Asia, akiwemo shamo wa Japani.

Umbo hilo lina gharama. Koo wa kuchi hutaga mayai machache, ni mzito, na ni mkali hata kwa vifaranga wa mwenzake. Vifaranga wake huchelewa kuota manyoya, kwa hiyo asubuhi za baridi za Juni na Julai hutetemeka mgongo wazi wakati wenzao wa kawaida wameshaanza kuparua jalalani. Bibi alilijua hilo. Mayai ya kuchi aliyaatamisha kwa koo mwingine, mpole na mwepesi, na vifaranga wakitotolewa baada ya siku 21 aliwafunika kwa tenga karibu na jiko mpaka jua lipande. Yule kuchi mwenyewe, kwa kuwa hakulea, alirudi kutaga mapema.

Bibi hakuandika chochote, ila alichagua. Pora wakifikia umri wa kuanza kuwika, aliwashika mmoja mmoja jioni, wakiwa wametulia. Alipitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kuona kama umenyooka, akabana paja, akakunjua vidole vya miguu, kisha akamweka jogoo chini na kumtazama anavyosimama. Aliyepinda kidari aliliwa. Aliye wa wastani aliuzwa mnadani. Aliyewashinda wote hakuuzwa kwa bei yoyote, hata waje wanaume na fedha mkononi wakitaka jogoo wa kupiganisha. Michezo hiyo ilikuwepo, na ilimuudhi bibi: jogoo aliuawa au kupofuka jicho kabla hajaacha watoto. Leo kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mtu anayewatesa wanyama kwa burudani anatenda kosa.

Kilichovunja boma lile kilikuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kila kiangazi kilipokaribia kwisha ulipita kijijini. Kuku alianza kuzubaa, akaharisha kijani, akahema mdomo wazi, shingo ikajipinda. Watu waliwahi kuwapeleka mnadani kuku waliokuwa bado wanasimama, wapate chochote, na ugonjwa ukasafiri nao ndani ya matenga hadi vijiji vingine. Mwaka mmoja banda la bibi lilibaki na koo wachache na pora mmoja. Alianza upya, kwa sababu pora huyo alikuwa mtoto wa jogoo aliyemkatalia wanunuzi.

Baada ya bibi kufariki na wajukuu kutawanyika mijini, mdondo ukapata mwenzake, nao ni mchanganyiko wa damu. Kuanzia mwaka 2014 mradi wa ACGG, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ulijaribisha kuku walioboreshwa katika Ethiopia, Nigeria na Tanzania. Hapa nchini walikuwa sasso, wenye asili ya Ufaransa, na kuroila kutoka India. Hao hufikia uzito wa kuuzwa ndani ya miezi mitatu hadi minne na hutaga mayai mengi kuliko wa kienyeji. Mama mwenye ada za shule za kulipa hana sababu ya kuwakataa, na kuwalaumu wafugaji kwa hilo ni kukosa haki. Shida ilikuwa kwamba majogoo wao waliachwa huru kijiji kizima. Wakati huohuo wanunuzi wa mjini, wanaopenda kuchi kwa fahari, walilipa bei kubwa kwa jogoo bora kuliko wote, naye ndiye aliyetangulia kuondoka. Mitetea wakabaki na majogoo wa kuokoteza. Mwandishi aliporudi Nzega alikuta kuku wengi wanaoitwa kuchi, ila miguu imefupika na vifua vimejaa manyoya.

Akaamua kuanza upya, na safari hii ipo silaha ambayo bibi hakuwa nayo. Chanjo ya I-2 dhidi ya mdondo inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na Tanzania inaizalisha yenyewe. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kisha unasubiri apepese ndipo umwachie. Baada ya miezi mitatu hivi unarudia. Majirani wakichanja siku moja, kijiji kinapumua.

Mabanda ya mwandishi na ya majirani zake sasa yametengwa: kuchi halisi upande wake, kuroila upande wao. Kila uzao una uzi wa rangi yake mguuni na mstari wake daftarini, ili jogoo asije akapanda binti zake. Vijana wanaotaka kuchanganya kuchi na kuroila kwa ajili ya nyama hawakatazwi. Wao ndio wamekuwa wateja wakubwa, kwa kuwa chotara wakizaana wenyewe kwa wenyewe wanatoka wa kila umbo, hivyo inawabidi warudi kununua jogoo halisi kwa kila kundi jipya. Fedha hiyo inanunua chanjo. Wafugaji wamekubaliana kwamba jogoo bora hauzwi mpaka awe ameacha pora wa kumrithi, na sasa wanatafuta mitetea kutoka Kigoma na Shinyanga, maana kundi la Nzega bado ni dogo na linahitaji damu ya mbali kabla udugu haujakaribiana mno.