Vidole vya dogo na meza ya ruta

Najua nimepotea. Tangu boom liingie nimekuwa nikizunguka Keko na Kariakoo kwa ajili ya mdogo wangu. Dogo kamaliza fomu foo, matokeo hayakumnyookea, kaingia karakana ya baba mdogo kujifunza useremala. Kazi anaipenda kweli. Kinachoninyima usingizi ni mashine aliyokabidhiwa: ruta.

Kwa msioijua, ruta ni mota yenye kisu kidogo mbele, biti, inayochonga yale mapambo ya kingo za meza na milango ya makabati. Ukiishika mkononi, unaipitisha juu ya mbao. Lakini ukiigeuza kichwa chini na kuifunga chini ya meza yenye tundu, biti linachomoza juu, na sasa mbao ndiyo inayotembea. Yaani mikono yako inaisukuma mbao kuelekea kwenye kisu.

Ruta nyingi huzunguka kati ya mara 8,000 na 24,000 kwa dakika. Nikapiga hesabu (wa Hisabati bwana, mnanijua): biti la kipenyo cha milimita 50 likizunguka mara 24,000, ncha yake inakwenda mita 63 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Ndiyo maana mabiti makubwa huzungushwa taratibu, kama 10,000 hivi. Lile dogo lenye makali mawili linakata mara 800 kila sekunde. Huoni makali, unaona ukungu tu.

Sasa ukimwambia mtu vifaa vya usalama, anafikiria miwani, barakoa na vifunika masikio. Nimenunua vyote, na vina kazi yake. Vumbi la mbao si la kuchezea: shirika la utafiti wa saratani la IARC liliorodhesha mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Ukichonga mvule bila barakoa ya maana utapiga chafya na kukohoa mpaka jirani aje kukupa pole. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouweka mkono mbali na biti. Na mtu mmoja dukani akaniambia niongeze glavu! Glavu kwenye mashine inayozunguka ni balaa, ikinaswa inavuta mkono mzima. Sikuzinunua.

Vinavyolinda vidole nimevikuta bure, kwenye rundo la vipande vinavyokwenda kuwa kuni za mama lishe.

Cha kwanza dogo kakibatiza kitana. Unachukua kipande cha mbao ngumu iliyonyooka, unakata ncha yake mshazari kama nyuzi 30, halafu unaipasua mipasuo mingi iliyo sambamba, karibu karibu, ibaki meno membamba yanayonesa. Unakibana mezani kwa klampu, meno yakiikandamiza mbao kwenye ule ubao wa kuegemezea nyuma. Mbao inakwenda mbele vizuri, ikitaka kurudi meno yanaikaba. Kitana cha pili unakifunga kwenye ubao wa kuegemezea, kinaikandamiza kutoka juu. Hapo mkono hauna sababu tena ya kukaa karibu na biti. Tulitengeneza viwili Jumamosi mchana, na kimoja kilivunjika meno kwa sababu nyuzi za mbao zilikwenda kimshazari. Tukakifanya upya.

Cha pili ni kibao cha kusukumia. Kina mpini juu na kisigino nyuma cha kuishika mbao kwa mwisho, na chini tumegundisha soli ya kandambili iliyokufa isiteleze. Mpira wake unang'ang'ania mbao vizuri mno. Cha tatu ni pini ya chuma kando ya biti, ya kuegemezea vipande vya mviringo, kwa sababu hivyo haviwezi kufuata ubao ulionyooka.

Baba mdogo alituangalia, akacheka. "Mwanangu, mashine inataka uzoefu, siyo vijiti." Nikamjibu kwa adabu, "Sawa baba, ila anayejifunza bado hana huo uzoefu." Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa hapo karakana, mkono wa kushoto ana vidole vitatu na nusu. Kasema ajali ilimkuta akiwa fundi wa miaka mingi, siyo mwanagenzi. Kibao chenyewe kilikuwa kifupi kama daftari, na akakipitisha kushoto kwenda kulia. Kwenye meza biti linazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo mbao inatakiwa itoke kulia kwenda kushoto, ipingane nalo. Ukigeuza, biti linainyakua kama kibaka anavyonyakua simu, na mkono unafuata. Na kipande kidogo unakichonga kikiwa bado kwenye ubao mrefu, kisha ndiyo unakikata. Baba mdogo alinyamaza. Vitana vimebaki mezani.

Kitu kingine nilichokikuta: mabiti ya shina la milimita 6 na ya robo inchi yamechanganywa kopo moja. Robo inchi ni milimita 6.35. Shina la 6 likiingia kwenye kishikio cha robo inchi halibanwi sawasawa, linaweza kuchomoka kazini. Sasa yana makopo mawili, yenye rangi tofauti.

Wenzangu wa ualimu msidhani haya ni ya Keko tu. Mkondo wa amali ulianza sekondari mwaka 2024, na kuna karakana za shule zitakazohitaji walimu. Darasa la watoto 40, mashine moja. Nani kati yetu kafundishwa kutengeneza kitana?

Kilichobaki ni swichi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu anasahau kuzima, anainama kubadilisha biti. Ukirudi, ruta inawaka yenyewe. Kuna swichi maalumu ambayo umeme ukikatika inajizima mpaka uibonyeze tena. Baba mdogo anasema tusubiri mteja wa makabati alipe. Mimi boom limebaki elfu kumi na mbili, na wiki tano mbele. Kwa sasa dogo ana amri moja: umeme ukikatika, chomoa plagi kwanza, mengine baadaye.

Mdau yeyote wa uhandisi anayejua duka la Kariakoo lenye hiyo swichi kwa bei ya mwanafunzi, aniambie kabla ya Jumamosi. Narudi Keko.