Kidole Kimoja Kimebaki

Jioni moja ya likizo, barazani kwa dada yangu huko Mangapwani, mjukuu wetu aliniletea daftari lake la hesabu. Alikuwa darasa la tatu. Alilishika kwa mikono miwili, macho chini, kama mtoto aletaye sahani aliyoivunja mwenyewe. Aliniamkia, nikamwitikia, akakaa ncha ya jamvi. Nikafunua. Wino mwekundu ulikuwa umetanda kurasa tatu mfululizo, na katika ukurasa wa nne hapakuwa na wino wa rangi yoyote. Alikuwa ameacha hata kujaribu.

Nilimhurumia, na huruma yangu ikanituma kusema neno ambalo hadi leo najutia kulisema. "Usijitie unyonge, mjukuu wangu," nilimwambia. "Hesabu si zetu. Katika ukoo huu sisi ni watu wa mashairi."

Mtoto alilifunga daftari, akavuta pumzi ndefu kama mchukuzi aliyetua gunia. "Basi na mimi nitakuwa wa mashairi, babu," akasema. Dada yangu, aliyekuwa akisuka ukili, aliuacha mikono ikatulia mapajani, akanitazama. Hakusema kitu. Dada akinyamaza namna ile huwa keshasema mengi.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Nilijiuliza neno lile nililipata wapi, na jibu halikuwa mbali. Nililipata katika skuli niliyosoma, mjini, siku niliyoitwa ubaoni kujibu saba mara tisa. Nilikuwa nalijua jibu. Nililijua kitandani, nililijua njiani, lakini mbele ya ule ubao, na bakora ikiwa mezani, halikuja. Wenzangu walicheka. Mwalimu alitamka mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu hakikuumbiwa hesabu, nami nikamwamini, kwani mtoto humwamini mkubwa hata anapodhulumiwa naye. Tangu siku ile nilikimbilia kwenye mashairi. Watu wakanisifu kwa kuyapenda. Hakuna aliyejua kwamba mapenzi yale yalianza kwa kukimbia.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Erin Maloney na Sian Beilock wakiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili na wazazi wao. Waliona kwamba mzazi mwenye hofu ya hesabu, akiwa anamsaidia mwanawe mara kwa mara kazi za nyumbani, mtoto hujifunza kidogo zaidi katika mwaka ule, na hofu yake mwenyewe huongezeka. Wazazi waoga ambao hawakuwa wakisaidia sana hawakuonekana kuwaambukiza. Niliposoma habari hiyo nilijiona mimi niliyekaa jamvini nikigawa hofu kwa sauti ya upole. Bakora ya mwalimu wangu ilikuwa imenipiga mimi. Ulimi wangu ulikuwa umempiga mtoto asiyekuwepo siku hiyo.

Asubuhi ya pili yake nilimkuta mjukuu huyo huyo mlangoni, na sufuria ya vitumbua vya bibi yake, kila kimoja shilingi mia mbili. Alifika mvuvi akitoka diko, akataka vitumbua saba, akatoa noti ya elfu tano. Mtoto hakuangalia juu wala chini. Alifunga vitumbua, akampa sarafu na noti, akasema, "Mia sita zinatimiza elfu mbili, na hizi elfu tatu, jumla elfu tano." Mvuvi akaondoka. Mimi nilikuwa bado napiga hesabu kichwani nione kama shilingi elfu tatu na mia sita ni sahihi.

"Nani kakufunza hivyo?" nikamuuliza.

"Kufunzwa nini, babu?"

Hakuwa anajua kwamba alikuwa amefanya hesabu. Kwake yeye hesabu ni kitu kinachokaa ndani ya daftari na kutoa wino mwekundu. Pale mlangoni palikuwa na vitumbua tu. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha habari za watoto watano wauzaji wa mitaani katika mji wa Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara zao, watoto hao walijibu sawa maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyo hiyo kwa kalamu na karatasi, tarakimu tupu bila ya nazi wala ndimu, walipata 37 tu katika kila 100. Akili ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kuulizwa.

Basi nilijiambia: kama nimemharibu kwa mashairi, nitamrejesha kwa mashairi. Mchana ule nilimwita, nikamwambia kuwa mtu wa mashairi lazima kwanza ajue mizani. Nilimwonesha vidole vya mikono miwili, tukaviacha kando vidole gumba. Vinabaki vinane. Kila silabi kidole kimoja. Kipande cha mshororo kikimaliza vidole, kimetimia. Tukajaribu: Ba-ha-ri ya Ma-nga-pwa-ni. Vidole vikaisha. Alicheka kwa furaha, kana kwamba jina la kijiji chake limefaulu mtihani. Kisha akataka kujua kwa nini katika "mvuvi" ile "m" inapewa kidole chake wakati ni herufi moja tu. Nikamwambia ajisikilize mwenyewe anapotamka. Akatamka mara tatu, polepole, akakubali kwamba inastahili.

Kwa ukubwa wangu nikataka kumwonesha ufundi. Nikatoa kipande: "Ngalawa imerudi." Alihesabu, akanyamaza, akahesabu tena. Niliona uso wake ukirudi kuwa ule wa jana, uso wa mwenye kosa.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Babu," akasema kwa sauti ndogo, "kidole kimoja kimebaki."

Nikahesabu mwenyewe. Ni kweli, zilikuwa mizani saba. Mtu wa mashairi, miaka yote hii, na ngalawa yangu ilikuwa imepungukiwa ubao. Ningeweza kujitetea, lakini niliukumbuka ubao wa skuli na vicheko. Nikamwambia, "Nimekosea. Tufanyeje?" Alishangaa kuona kwamba mkubwa anaweza kukosea na bado akawa mkubwa. Tukafikiri pamoja. Yeye ndiye aliyesema, "Imerejea, babu. Ngalawa imerejea." Vidole vikatimia.

Tangu hapo hofu ilianza kulegea. Haikuondoka kwa siku moja, na atakayesema huondoka kwa siku moja hajawahi kukaa na mtoto. Lakini tulipata njia. Mshororo una vipande viwili vya mizani nane. Ni kumi na sita. Ubeti wa shairi una mishororo minne. "Ubeti mzima una mizani ngapi?" nikamuuliza, nikauma ulimi nisimjibie. Alichukua muda. Alisema kumi na sita na kumi na sita ni thelathini na mbili, na hizo mara mbili ni sitini na nne. Hakuna aliyemwonesha njia hiyo. Barazani kwa jirani wazee walikuwa wakicheza bao, nikampeleka akahesabu mashimo: safu nne, nane kila safu, thelathini na mbili. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete mbili. "Sitini na nne!" akapiga ukelele, wazee wakageuka. "Kama ubeti!" Mzee mmoja alisema amecheza bao tangu ujana wake na hajapata kulifikiria hilo.

Na saba mara tisa, mwiba wangu wa zamani? Tuliutoa kwa lugha yetu wenyewe. Sisi tunaosema saa nne kasorobo tunajua kutoa kabla ya kwenda skuli. Tisa ni kumi kasoro moja. Basi saba mara kumi ni sabini. Kasoro saba, sitini na tatu. Nilipolitamka jibu hilo mbele ya mtoto wa darasa la tatu nilihisi kitu kikishuka kifuani, cha umri wa miaka mingi.

Sitaki msomaji adhani nahubiri kwamba mashairi na vitumbua vinatosha. Skuli ina njia zake, na lazima mtoto azijue. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mimi nimeona watoto waliokuwa hodari wakafika hapo wakapotea, wakidhani kwamba hesabu zimewashinda kumbe ni maneno. Ndiyo sababu naona miaka hii ya mwanzo ina thamani kubwa. Mtoto akishaonja kwamba namba humtii, hata zikija zimevaa nguo za kigeni atazitambua kwa mwendo wake. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.

Kabla sijarudi mjini tulikwenda kwa miguu hadi kwenye chumba cha watumwa, kile kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe si mbali na pwani. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Watu wakawa wanafichwa humu wakisubiri usiku na majahazi. Mjukuu alishuka kimya. Alipima kwa hatua, urefu na upana, kama alivyokwisha kuzoea kupima kila kitu. Kisha akauliza walikuwa wangapi humu ndani. Nikamwambia idadi ilikuwa ikibadilika, na kwamba aliyeiandika ni mwenye mali, katika daftari lake.

"Na wao walijua wameandikwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba wengi wao pengine hawakuweza kulisoma daftari lile. Akatafakari, akasema, "Mimi nataka kujua kusoma madaftari yote." Tulipanda juu kwenye mwanga bila ya kusema zaidi. Nilitambua kwamba kumwambia mtoto "hesabu si zetu" ni kumwambia kwamba daftari liandikwe na wengine na yeye awe ndani yake.

Skuli zilipofunguliwa nilisubiri habari. Nilitarajia alama. Wiki ya pili alinipigia kwa simu ya bibi yake, akaniamkia mbio mbio, akasema mwalimu aliuliza swali ubaoni.

"Nilinyoosha mkono, babu."

"Ukapata?"

"Nilikosa. Mwalimu akaniambia nifikiri tena. Nikanyoosha tena."

Nilitaka kumuuliza kama mara ya pili alipata, lakini bibi yake alikuwa akimwita. Vitumbua vilikuwa tayari, na wateja wamesimama mlangoni.