Mwendo wa Mkimbiaji na Andalio la Somo

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia. Baada ya kilomita 42 na ushei, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwetu sisi walimu, habari hiyo ni somo la kugawa nguvu.

Mimi si mwanariadha wa kutajika. Hata hivyo, najiandaa kwa mbio za kilomita 21, na alfajiri hukimbia kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu, yapata kilomita 10. Kusudio langu ni dakika 6 kwa kila kilomita, yaani saa 2 na dakika 6 kwa jumla. Katika kilomita ya kwanza mwili hutaka kuupita mpango. Hapo ndipo pa kujizuia.

Darasani ni vivyo hivyo. Katika kipindi cha dakika 40, mwalimu mgeni huweza kueleza kwa dakika 35, na kengele ikalia watoto hawajamaliza zoezi. Anayepata hasara ni mtoto mzito wa kuelewa, kwani kosa lake halikuonekana daftarini.

Basi, ndugu mwanachuo, katika andalio lako panga kwanza dakika 15 za mwisho: zoezi, usahihishaji, na msaada kwa waliobaki nyuma. Kisha upange mwanzo. Simbu alikuwa na akiba alipouona utepe. Nasi tuwe nayo kengele inapokaribia.