DADA WA MAPAMBO TUNDUMA AACHANA NA NGAZI JUU YA MEZA!

Kwa wanaopenda sherehe Tunduma, huyu dada si mgeni. Akipamba ukumbi, hata waalikwa waliovuka kutoka Nakonde wanabaki wanaangalia juu: vitambaa, taa na maua vinaning'inia darini. Wengi hawakujua vinafikaje kule. Ilikuwa hivi: chini meza, juu ya meza ngazi, juu ya ngazi kijana.

Siku ya sendofu moja meza ikateleza kwenye vigae. Kijana akaja chini na kitambaa mkononi, mguu ukavunjika. Ni mtoto wa dada yake kabisa! Sherehe ikaendelea, watu wakacheza, picha zikapata laiki kibao. Yeye alikuwa hospitali.

Baada ya hapo akaanza kutafuta lifti ya mkasi, yaani lile jukwaa lenye kingo linalopandishwa na vyuma vinavyofunguka kama mkasi. Alitaka ndefu kuliko zote. Fundi mmoja akamzuia: "Dada yangu, usianze na urefu. Mlango una upana gani? Sakafu inabeba nini?"

Akachukua futi. Dari mita 6. Lifti ndogo ya umeme inampandisha mtu futi 19, karibu mita 5.8, mikono inafika juu zaidi. Inapita mlango wa sentimita 90, haitoi moshi kama ya dizeli. Safi! Ila nyingi zina uzito wa zaidi ya tani moja. Ukumbi wa chini hakuna shida. Ule wa ghorofani, anakopata kazi nyingi, mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote ya injinia. Halafu betri inachajiwa usiku kucha, na umeme ukikatika bibi harusi hasubiri.

Basi akaachana nayo. Akanunua jukwaa la vyuma lenye kingo pande zote na magurudumu ya breki, na sheria moja: halisukumwi mtu akiwa juu. Bei ya mapambo ikapanda. Wateja wawili wakamkimbia, wakasema anaringa.

Kijana amerudi kazini. Kila akitaka kupanda anauliza, "Mama mdogo, breki umefunga?" Anajibiwa ndiyo. Bado anainama kuangalia mwenyewe.

Bibi harusi mtarajiwa, ukipewa bei ya mapambo, uliza na hili: nani anapanda, na anapandia nini?