Mkono Usiofika Katikati

Daftari la mradi ule bado ninalo. Jalada limechakaa, kurasa za mwanzo zina harufu ya ndagala ambayo haijatoka mpaka leo, na kila nikilifungua najikuta kwenye ukurasa uleule ambao kwa miaka sikupenda mtu mwingine ausome. Nausimulia sasa kwa sababu nimechoka kuuficha, na pia kwa sababu sijamaliza kuuelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tulitakiwa kujenga vichanja vya kuanikia ndagala pwani ya Magara, tarafani Bugarama, Burundi, pale milima inaposhuka mpaka karibu kuligusa Ziwa Tanganyika na barabara ya kwenda Rumonge ikajibana katikati. Ndagala ni samaki wadogo ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Zamani walianikwa chini, mchangani, na mvua moja ya ghafla ilitosha kuharibu mtaji wa mtu. Vichanja havikuwa jambo jipya. Tangu mwaka 2004 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imewaonyesha watu wa upande wa Nyanza-Lac namna ya kutandaza samaki juu ya wavu wa waya ulioinuliwa kiasi cha mita moja, upepo ukapita juu na chini, wakakauka upesi na safi. Sikuwa nabuni kitu. Nilipewa mchoro, fedha, mafundi wawili na miezi minne.

Nilijiona niko tayari. Nilikuwa nimesomea usimamizi wa miradi Bujumbura, nikafundishwa kuchora ile chati ya mistari yenye jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeieneza miaka ya 1910, ambayo kila kazi ina siku yake ya kuanza na siku yake ya kwisha. Niliibandika ukutani juu ya kitanda. Niliipenda. Usiku nilipoitazama nilihisi kama kazi imekwisha kufanyika.

Mkutano wa kwanza niliuitisha Jumanne saa tatu asubuhi. Walikuja watu wanne. Jumanne iliyofuata, watatu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa jamii ni mdogo, na sentensi ile inaniuma mpaka leo, maana iliwasingizia watu ambao muda huo walikuwa wamesimama juani tangu alfajiri. Ulikuwa wakati wa giza. Ndagala hufuata taa za mitumbwi usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa inarudi imejaa, na saa tatu ndipo mwanamke aliyekwisha kununua anageuza samaki wake. Akiwaacha kwenda kunisikiliza, wanaoza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ziwani, nyavu zinapumzika, watu wana nafasi. Mtoto wa shule pale anajua hilo. Chati yangu ilikuwa na miezi minne, lakini mwezi wenyewe, ule wa angani, haukuwemo.

Nilibadilisha siku, na watu wakaja. Hapo nilidhani nimejifunza kusikiliza.

Vichanja vilisimama vyote sita ndani ya muda. Kila kimoja kilikuwa na upana wa mita mbili, na kwa kuwa eneo tulilopewa lilikuwa dogo, niliamua viegemee ukuta uliokuwa pale ili tupate njia ya kupita. Asubuhi ya majaribio mama mmoja mfupi, mwenye umri kama wa mama yangu mzazi, alimwaga beseni la ndagala, akatandaza mpaka mkono ulipokoma. Akaleta ndoo, akaigeuza, akapanda juu yake. Akainama mpaka kifua kikagusa waya, akanyoosha vidole. Havikufika hata katikati. Alishuka taratibu, akafuta magamba yaliyong'ang'ania kwenye kitenge, akasema bila hasira yoyote: «Shefu, mkono wangu hauna urefu huo. Nilikwambia.»

Nilitaka kumjibu kwamba hakuniambia. Nashukuru nilinyamaza. Usiku nilifungua daftari nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na nikaikuta kauli yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ikiwa na tarehe na imepigiwa mstari: «Mama mmoja anasema vichanja visiwe vipana. Kuangalia.»

Neno lile, kuangalia, nimelitafakari sana. Nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimemheshimu kiasi cha kumwandika. Lakini nadhani kumwandika ndiko kulikonipa ruhusa ya kumsahau, kana kwamba maneno yake yakishaingia kwenye daftari mzigo umetua. Hapa Burundi tuna bashingantahe, wazee wanaoaminiwa kuamua mashauri vilimani. Husikiliza upande huu na upande ule, kisha huenda kando kushauriana, ndipo hurudi na neno lao. Nilipokuwa kijana nilidhani kwenda kando ni desturi tu ya wazee. Sasa nahisi ndiyo sehemu ya kazi niliyoiruka. Nilikusanya maneno ya watu, sikuwahi kukaa nayo.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Baada ya asubuhi ile nilikaa siku kumi na moja bila kuwaambia wakubwa wangu. Nilituma picha za vichanja vilivyosimama, nzuri kabisa, ziwa likionekana nyuma. Siku ya kumi na mbili nilipiga simu, mikono ikinitetemeka, na nikaambiwa zipo fedha kidogo za kurekebisha. Ningechelewa mwezi mmoja zaidi, hesabu zingekuwa zimefungwa.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nimekuwa msimamizi anayemwuliza kila mtu kila jambo. Nilijaribu, na huko nako nilikosea. Mvua za vuli zilipokaribia nilizunguka wiki nzima nikiuliza turubai za kufunikia ziwe za aina gani, zikae wapi, atunze nani, na wakati nauliza mvua ilinyesha, wanawake watatu wakapoteza samaki wao. Hawakuhitaji maswali yangu wiki ile, walihitaji turubai. Lini mtu aulize na lini aamue peke yake, bado sijui. Kitu kimoja tu nimekishika: kila Ijumaa jioni nasoma daftari upya kuanzia mwanzo, na kila ninapokuta «kuangalia» natafuta mwenye neno lile nimwambie nimefikia wapi, hata kama sijafikia popote.

Mwaka 2024, nchi zinazolizunguka ziwa zilipofunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilipita Magara. Vichanja vitano tulivyovipunguza na kuvisogeza mbali na ukuta vilikuwa vitupu, waya zake zinang'aa. Cha sita nguzo zake zilikuwa zimesimikwa kwa saruji, hatukuweza kukigusa. Mama yule alikuwa amekijaza mihogo, anaigeuza kwa fimbo ndefu.