Butembo: Mashine mpya ya bei ya chini au iliyotumika yenye nguvu? Familia ya wahami yapiga hesabu

Mbele ya maduka ya mashine mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, wazazi na wanafunzi wanaulizana swali lile lile: kuchukua kompyuta ya bei ya chini, au kutafuta feza zaidi na kuchukua ile yenye nguvu? Kwa mfanyabiashara mwenye depo iliyojaa, swali hilo linaisha kwa dakika tano. Kwa familia iliyokimbia vita na inayolala kwa watu, linaweza kuchukua wiki nzima. Feza za mashine ndizo zile zile za chakula, za minervali na za garanti ya nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja aliyetoka Kanyabayonga. Yeye na watoto wake wanne waliondoka mwezi wa sita mwaka 2024, wakati vita vilipofika katika mji huo wa kusini mwa Lubero. Nyuma waliacha nyumba, shamba la maharagwe na mbuzi. Butembo walipokelewa na ndugu wa marehemu mume wake, wakapewa chumba kimoja. Mama alianza kuuza makala na ndizi, akaingia katika AVEC ya wanawake wa kartie, akawa anaweka kidogo kidogo. Siku ya mgao alipokea dola 260.

Feza hizo zilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa garanti, ili familia ipate mlango wake. Ya pili ilikuwa mashine ya binti mkubwa, ambaye yuko mwaka wa mwisho na anapaswa kuandika TFC. Binti alikuwa anaandika kwa mkono usiku, kisha anawalipa watu wa sekretaria ya mtaani kwa kila ukurasa. Kila mara mwalimu aliporudisha kazi ikiwa na alama nyekundu, ilibidi kulipa tena. Mama alijumlisha malipo hayo yote, akaamua kwamba garanti itasubiri.

Mwenye nyumba hakufurahi. "Shemeji, ndani ya mashine hakulaliwi," alimwambia.

"Najua, shemeji," mama akajibu. "Lakini mtoto akikosa diploma mwaka huu, tutalala kwako miaka mingine mitatu."

Mzee alicheka, na neno likaishia hapo.

Dukani waliwekewa mashine tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya katoni yake, dola 170: prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4, na nafasi ya kuhifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Ya pili ilikuwa ThinkPad T480, aina iliyotoka mwaka 2018, iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, dola 230: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Ya tatu ilikuwa mpya na yenye nguvu kuliko zote, dola 620.

Ile ya tatu iliondolewa mezani bila maneno mengi. Si kwamba ni mbaya. Anayekata video, anayechora ramani za majengo, au anayetunza hesabu za depo kubwa atapata faida yake. Lakini kwa mtu wa kuandika, kutafuta habari kwenye intaneti na kutengeneza jedwali, sehemu kubwa ya nguvu hiyo italala. Tena katika chumba ambamo watu watano wanalala na mlango unafungwa kwa kamba, kitu cha dola 620 kinaleta hofu kuliko msaada.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo mama na binti waliposhindwa kupatana. Mama alitaka ile mpya. Sababu yake haikuwa bei.

"Tangu tutoke kwetu, kila kitu tunachovaa kilikuwa cha mtu mwingine," alisema. "Blanketi, masufuria, hata viatu. Nilitaka mtoto wangu awe na kitu kimoja ambacho hakuna mtu alikishika mbele yake."

Fundi aliyekuwa ameketi pembeni, mwenye meza yake ya kutengeneza simu na mashine, hakumpinga. Alimwomba tu ruhusa aeleze kilichomo ndani ya kila moja.

"Mama, ile mpya ni mpya kweli," alisema. "Lakini imefungwa."

Alieleza kwamba katika mashine nyingi za bei hiyo, RAM imechomelewa kwenye ubao mkuu, na eMMC vilevile. Mashine inabaki na GB 4 mpaka mwisho wa maisha yake. Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM na GB 64 za nafasi. Maana yake, mashine hiyo inaanza maisha ikiwa kwenye mstari wa chini kabisa. Windows yenyewe inachukua karibu nusu ya nafasi. Ukiweka programu za masomo, picha za simu na masasisho yanayokuja kila mwezi, nafasi inajaa. Na siku eMMC ikifa, hakuna kipande cha kubadilisha. Ni ubao mzima.

Ile ya pili inafunguliwa kwa bisibisi. RAM iko kwenye nafasi mbili na inaweza kuongezwa. SSD inatoka na nyingine inaingia. Klavie ikiharibika inabadilishwa. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma inachomolewa kwa mkono. Prosesa ya kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11. Hilo ni jambo la kuangaliwa sana, kwa sababu Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Mashine nyingi za zamani zaidi ya hapo zinauzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Binti yeye aliuliza juu ya umeme. Nyumbani kwa mzee hakuna umeme wa laini; kuna paneli ya jua na betri moja ya taa. Hapo mashine ya bei ya chini ilikuwa na sifa yake: inakula umeme kidogo, wati 10 hivi wakati wa kuandika, na nyingi za aina hiyo hazina feni. ThinkPad inaweza kufika wati 15. Fundi alichukua kalamu. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu, ili isife haraka, unabaki na 300. Mashine ya wati 15 itafanya kazi saa 15 hivi, hata ukitoa umeme unaopotea njiani. Kwa kazi ya usiku mmoja, zote mbili zinatosha. Shida ingekuwa kwa mashine kubwa za michezo na video, ambazo zinaweza kupita wati 100.

Kisha wakapiga hesabu ya feza. Tuseme ile ya dola 170 inakuwa nzito na kujaa baada ya miaka miwili: ni karibu dola 7 kwa mwezi. Tuseme ile ya dola 230 inafanya kazi miaka minne, na katikati wanatumia dola 30 kubadilisha betri: jumla 260, yaani kama dola 5 na nusu kwa mwezi. Hata ikikaa miaka mitatu bila betri mpya, inakuja dola 6 na senti 40. Hiyo ni hesabu ya kukisia, lakini inaonyesha kwamba bei iliyoandikwa kwenye katoni si bei yote.

Binti alimgeukia mama yake. "Mama, ile mpya itakuwa ya kwangu siku ya kwanza. Hii nyingine itakuwa ya kwangu mpaka nimalize, na wadogo zangu wataikuta."

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akakubali, kwa sharti moja: fakture iandikwe jina la binti, si la mzee, si la kwake. Muuzaji akaandika. Zilibaki dola 30. Mama alizirudisha ndani ya kitambaa chake na kusema hizo ni mwanzo wa garanti.

Hesabu ya familia hii si sheria kwa kila mtu. Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuandika, au mama wa AVEC anayetaka kutunza majina na michango, anaweza kuhudumiwa vizuri na mashine ndogo mpya. Ni nyepesi, haishindi paneli ndogo, na mara nyingi ina garanti ya duka. Anayeichukua aifanyie kazi moja au mbili, na badala ya programu za kununua aweke LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Anayechukua iliyotumika naye asilipe kabla ya kuangalia. Aiwashe bila chaja kwa nusu saa. Aandike powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, aone betri ilikuwa na uwezo gani ikiwa mpya na imebaki na kiasi gani. Aizime, aiwashe tena na kuhakikisha haidai neno la siri la ofisi ilikotoka, kwa sababu mashine iliyofungwa hivyo inaweza kuwa ya wizi au isifunguke kamwe. Abonyeze kila kitufe. Mashine nyingi zina klavie ya QWERTY, na aliyezoea AZERTY kwa kuandika Kifaransa atahitaji siku kadhaa za kuzoea. Mwisho, adai fakture yenye namba ya mashine. Hiyo itamsaidia kuonyesha barabarani kwamba mali ni yake.

Jambo moja halitegemei bei. Mashine ya dola 170 na ya dola 620 zote zinaweza kuibwa, kulowa mvua, au kuachwa nyuma siku watu wanapokimbia. Yaliyoandikwa ndani hayapaswi kupotea pamoja nazo. Kila jioni, nakala moja ya kazi iende kwenye flashi, na flashi isikae katika mfuko mmoja na mashine. Palipo na intaneti, nakala ya pili itumwe kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kurasa sitini za maandishi ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Waliokimbia wanajua tayari kuweka diploma na karatasi za kuzaliwa za watoto mahali ambapo mkono unafika kwanza. Flashi hiyo nayo iwekwe hapo hapo.