Moto Juu ya Maji: Jiko la Kubanikia katika Safari ya Takwa

Hori linaloingia Takwa, katika kisiwa cha Manda, halipitiki vyema ila maji yakijaa. Mashua zitokazo Lamu huvuka mlango wa bahari, kisha huingia baina ya mikoko, na kadiri zinavyosonga mbele ndivyo mikoko inavyozidi kukaribiana. Mwisho wa njia ni magofu ya mji uliostawi baina ya karne ya 16 na ya 17: ukuta wa mji, nyumba za mawe, msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye tarehe ya karne ya 17. Ni mahali pema pa kuwapeleka watoto, wajionee wenyewe kwamba adhana ilisikika katika visiwa hivi zamani sana.

Safari hii ni ya kutwa nzima, na safari ya kutwa yataka chakula. Wengi wetu hupenda samaki abanikwe papo hapo, angali mbichi wa bahari. Hapo ndipo pa kutafakari, kwa kuwa mashua ni mbao zilizopakwa sifa, zikazibwa kwa kalafati ya pamba, na juu yake pana tanga la kitambaa. Vyote hivyo ni chakula cha moto. Nasi tumewapakia humo wanetu.

Wazee wetu walipika baharini, tena safari za siku nyingi, lakini walikuwa na adabu yake. Moto wa jahazini ulikaa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga au udongo, usigusane na sakafu ya chombo. Adabu hiyo yatufaa hadi leo. Jiko letu la kawaida la bati lenye udongo ndani huhifadhi joto na halili mkaa mwingi, ila mrama mdogo waweza kuliangusha. Kwa mashua, tuchague jiko fupi, pana, lenye miguu iliyoachana na kifuniko. Tulizamishe miguu katika sanduku la mchanga mkavu, kisha sanduku lifungwe kwa kamba lisiteleze. Wavu wa kubanikia uwe wa kufunga pande mbili, ili samaki ageuzwe bila kuanguka.

Jiko dogo la gesi huonekana jepesi na safi. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini ya mbao, kwenye ngama, ikatulia humo bila kuonekana. Cheche moja yatosha. Mkaa una hatari yake pia: usiwashwe chini ya turubai lililofungwa pande zote, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

Tusibanike chombo kikiwa kinakwenda. Nanga itupwe, tanga lishushwe na kukunjwa. Nanga ikishika omoni, chombo hugeukia upepo, na moshi na cheche huelekea tezi. Basi jiko likae tezi, na watoto wakae omo, wamevaa jaketi za kuokoa maisha. Mkondo ukiwa na nguvu kuliko upepo, chombo hukaa vingine, na nahodha ndiye wa kuamua. Lakini mashua nyingi siku hizi zina mashine, na dumu la petroli hukaa huko huko tezi. Dumu lisipoweza kuondolewa likawekwa mbali, hapana moto chomboni. Jiko litashushwa pwani, mchangani, mbali na mikoko na magofu, kwa idhini ya mwangalizi wa mahali.

Mpishi naye ajiangalie. Mikono mipana ya buibui na ncha za mtandio hupeperushwa na upepo. Zikunjwe na kufungwa kabla ya kuinamia jiko. Pembeni pawe na ndoo ya mchanga na ndoo ya maji. Mafuta yakishika moto, tumia mchanga au kifuniko, kamwe si maji.

Kazi kubwa ifanyike nyumbani. Changu au tafi apasuliwe, atiwe ndimu, chumvi, thumu, tangawizi na pilipili. Tui zito la kupaka lipikwe mapema, na wali au mikate ya mofa ifungwe ndani ya leso. Chomboni ibaki kubanika na kupaka tu. Kukaanga kwa mafuta kuachwe kwa siku ya nyumbani.

Na tuuanze moto mapema, kwa sababu maji ya hori hayangoji jiko lipoe. Yakianza kupwa, ni lazima kuondoka, na jiko lenye makaa mekundu si mzigo wa kusafiri nao. Tusilimwagie maji ya bahari: udongo hupasuka na mvuke huunguza mikono. Tulifunike, tulizime kwa mchanga, tusali Adhuhuri, na tuligusе kwa tahadhari kabla ya kung'oa nanga.

Nahodha akisema leo upepo haufai kwa moto, neno lake lipokewe bila ubishi. Wali mkavu na tende vimewatosha wasafiri wengi, na watoto waliofika nyumbani salama hawatakumbuka kwamba samaki alikosekana.